Mwongozo kamili: kupima jeni ya ACE kwa PCR bila kuhadaiwa na DD

Kila msimu wa tasnifu unapofika, napokea picha zilezile za jeli, ile inayotenganisha vipande vya DNA kwa urefu, kutoka kwa wanafunzi wa vyuo vya Tudor, Mombasa, na Kilifi. Wagonjwa wa shtuko la moyo karibu wote ni DD (herufi hizi nazieleza aya inayofuata), watu wenye afya wa kulinganishia nao wengi ni DD, na mwanafunzi ameshaanza kuandika hitimisho. Mara nyingi hizo si DD. Ni ID ambazo nusu yake imepotelea ndani ya tyubu.

Mwongozo huu ni wa kipimo hicho kimoja, cha PCR, yaani kunakili kipande cha DNA mara nyingi kwa mashine. Jeni ya ACE iko kwenye kromosomu ya 17, na katika introni yake ya 16 (sehemu ya jeni isiyotafsiriwa kuwa protini) baadhi yetu tuna kipande cha ziada cha jozi za besi 287, cha aina iitwayo Alu. Kikiwepo, aleli, yaani toleo la jeni, ni I. Kisipokuwepo, ni D. Kwa kuwa kila mtu ana nakala mbili, majibu ni matatu tu: II, ID au DD. Jeni hii ndiyo inayotengeneza kimeng'enya cha kugeuza angiotensini I kuwa angiotensini II, ile inayobana mishipa, na wenye DD kwa wastani wana kimeng'enya hicho kingi zaidi damuni kuliko wenye II.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Usianze huku kimoja kikiwa "kinakuja kwa basi kutoka Nairobi".

- Tyubu za damu zenye EDTA, ya kuzuia damu kuganda (kifuniko cha zambarau)
- Kiti ya kutoa DNA kwenye damu, ya safuwima
- Taq (kimeng'enya kinachonakili DNA) ya hoti-stati, yaani ile inayolala mpaka iamshwe na joto, pamoja na bafa yake na MgCl₂ ya 25 mM
- dNTP, yaani matofali ya kujengea DNA, 10 mM kwa kila moja
- DMSO ya kiwango cha molekuli
- Jozi mbili za prima, vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili (mfuatano uko Hatua ya 3)
- Maji ya PCR, yasiyo na vimeng'enya vinavyokata DNA
- Tipu zenye chujio, glavu, tyubu za PCR za ml 0.2
- Agarosi, bafa ya TAE, rangi ya kupakia, rangi ya kuonyesha DNA, ngazi ya jozi 100 (DNA ya kupimia urefu)
- Kizuizi baridi cha kuwekea tyubu
- UPS inayomudu mashine ya PCR tangu mwanzo hadi mwisho wa kazi
- DNA tatu ambazo jibu lake linajulikana: II, ID na DD. Omba kwa maabara iliyokwisha kufanya kipimo hiki. Bila ID ya uhakika usiendelee. Ndiyo itakayokusema ukikosea.

## Hatua ya 1: Ruhusa, kisha damu

Idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, vije kwanza. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu taarifa za jeni kuwa data nyeti, kwa hiyo jina la mgonjwa lisionekane kwenye tyubu, kwenye daftari la benchi wala kwenye picha ya jeli. Tumia namba, na orodha ya majina ifungiwe mahali pengine.

Chukua ml 2 hadi 4 za damu kwenye tyubu ya zambarau, kisha igeuzegeuze polepole ichanganyike na EDTA. Tyubu ya kijani ina heparini, na heparini huizuia Taq. Nimeona sampuli nzuri kabisa zikikataa kutoa chochote kwa sababu muuguzi aliishiwa na zambarau akashika kijani.

Kutoka wodi za hospitali ya Makadara hadi maabara ya Tudor si mbali, lakini wakati wa kaskazi gari lililokwama kwenye foleni linaweza kuipika damu. Beba kwenye kibebeo chenye vifuko baridi, na vifuko visigusane na tyubu moja kwa moja. Ukifika, weka friji ya nyuzi 4. Kama hutatoa DNA ndani ya siku chache, hamishia friza ya −20.

Dalili ya mafanikio: damu haina mabonge, na ukitua wekundu wake, majimaji ya juu ni ya manjano, si mekundu.

## Hatua ya 2: Kutoa DNA

Fuata karatasi ya kiti neno kwa neno. Nitagusa mahali pawili tu ambapo watu huharakisha.

Pa kwanza ni kuosha. Wekundu wa damu, yaani himu, nao ni adui wa Taq. Ukiona safuwima bado ina kahawia baada ya kuosha, osha tena. Baada ya hapo zungusha safuwima ikiwa tupu kwa dakika moja hadi mbili ili ethanoli iishe. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi, ethanoli haikauki upesi kama video za mtandaoni zinavyoonyesha.

Pa pili ni majimaji ya kutolea DNA. Ukitumia TE ya kawaida (bafa ya Trisi na EDTA), EDTA iliyomo itashika sehemu ya magnesi kwenye PCR yako, na Taq bila magnesi haifanyi kazi. Tumia Trisi ya 10 mM yenye pH 8 hadi 8.5, au bafa ya kiti yenyewe.

Pima kwenye spektrofotomita. Uwiano wa 260 kwa 280 uwe karibu na 1.8. Kisha punguza sampuli zote zifike nanogramu 25 kwa mikrolita. Usiruke hili. Sampuli dhaifu ndizo zinazopoteza aleli I kwa urahisi, na wagonjwa wakiwa na DNA dhaifu kuliko walinganishwa, utagundua "uhusiano na shtuko la moyo" ambao kumbe ni uhusiano na uvivu wa kupima.

## Hatua ya 3: Prima

Jozi ya kwanza huzunguka mahali pa kipande cha Alu, na hutoa mistari yote miwili:

- Ya mbele: 5′-CTGGAGACCACTCCCATCCTTTCT-3′
- Ya nyuma: 5′-GATGTGGCCATCACATTCGTCAGAT-3′

Aleli I hutoa kipande cha takriban jozi 490, na D cha takriban 190.

Katika jozi ya pili, prima ya mbele inashika ndani ya Alu, kwa hiyo jozi hiyo hutoa kipande cha jozi 335 pale tu I ilipo:

- Ya mbele: 5′-TGGGACCACAGCGCCCGCCACTAC-3′
- Ya nyuma: 5′-TCGCCAGCCCTCCCATGCCCATAA-3′

Agiza zote nne kwa pamoja. Wengi huagiza mbili za kwanza ili kubana matumizi, halafu tatizo likitokea hawana tena fedha wala muda.

Prima huja zikiwa kavu. Zungusha tyubu kabla ya kufungua, maana unga unaweza kuwa umejishika kifunikoni. Angalia nanomoli zilizoandikwa, zidishe kwa 10, na weka mikrolita hizo za maji: umepata 100 µM. Kutoka hapo tengeneza ya kazi ya 10 µM, ugawe kwenye tyubu ndogondogo. Ya 100 µM irudi friza na isiguswe ovyo.

## Hatua ya 4: Kuchanganya

Kwa tyubu moja ya mikrolita 25:

- Bafa ya 10×: 2.5
- MgCl₂ ya 25 mM: 1.5
- dNTP: 0.5
- Prima ya mbele, 10 µM: 1.0
- Prima ya nyuma, 10 µM: 1.0
- DMSO: 1.25
- Taq ya uniti 5 kwa mikrolita: 0.2
- Maji: 15.05
- DNA: 2.0

Soma lebo ya bafa kwanza. Nyingine tayari zina magnesi. Ikiwa hivyo, acha MgCl₂ na fidia kwa maji.

Hiyo DMSO, ambayo ni asilimia 5 ya mchanganyiko, si pambo. Kipande cha Alu kina G na C nyingi, na nyuzi zake hupenda kujikunja. DMSO huzilegeza, Taq ikapita. Ukiiacha, ID nyingi zitageuka DD mbele ya macho yako.

Na kwa nini D ndiyo inayoshinda sikuzote? Mtume mtoto mmoja duka la jirani na mwingine soko la mbali la Kongowea, na kila anayerudi atumwe tena pamoja na mwenzake mpya. Jioni ikifika, wa duka la jirani watajaza ua. Kipande cha jozi 190 humalizika upesi na kwa uhakika katika kila mzunguko, kile cha 490 hukatizwa njiani mara kwa mara, na baada ya mizunguko 35 tofauti hiyo ndogo imekuwa kubwa kiasi cha kuufuta mstari wa juu kabisa.

Changanya vyote isipokuwa DNA kwenye tyubu moja kubwa, kwa idadi ya sampuli na ziada ya asilimia 10. Gawa mikrolita 23 kwa kila tyubu, kisha ongeza DNA mezani pengine, kwa pipeti nyingine. Kila mara unapoendesha mashine, ziwemo II, ID, DD na tyubu ya maji matupu.

Sasa, kuhusu joto la chumba. Watu husikia kwamba Taq ilitoka kwa bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, wakahitimisha kwamba inaweza kukaa benchi mchana kutwa. Taq yenyewe ni ngumu, kweli. Lakini dNTP huharibika kwa kugandishwa na kuyeyushwa mara nyingi. Tena Taq hailali kabisa kwenye joto letu: kwenye nyuzi 70 huunganisha besi takriban 60 kwa sekunde, kwenye 37 takriban 1.5. Pole pole, lakini inatosha kuanza kunakili mahali ambapo prima zimeshika kimakosa. Ndiyo sababu nasisitiza hoti-stati kwa mtu anayefanya kazi kwenye chumba cha nyuzi 31.

Tumia kizuizi baridi. Barafu ya wauza samaki inafaa kupozea, lakini ikiyeyuka maji yake huingia kwenye vifuniko, kwa hiyo tyubu zikae kwenye kishikio juu yake, zisielee ndani. Taq iko kwenye gliseroli na ni nzito: nyonya kutoka juu juu, ncha ikigusa tu, la sivyo utabeba nyingine nje ya tipu na kumaliza chupa kabla ya wakati.

Dalili ya mafanikio: tyubu zote zina kimo kimoja, hazina mapovu, na umezizungusha kidogo vitu vyote vikashuka chini.

## Hatua ya 5: Mashine

1. Nyuzi 95, dakika 2. Kama hoti-stati yako ni ya kemikali, lebo inaweza kudai dakika 10 hadi 15, itii.
2. Mizunguko 35: nyuzi 94 kwa sekunde 30, nyuzi 58 kwa sekunde 45, nyuzi 72 kwa dakika 1.
3. Nyuzi 72, dakika 5.
4. Nyuzi 12 mpaka utakapozitoa.

Joto la 94 ni la kufungua nyuzi mbili za DNA, la 58 ni la prima kushika, la 72 ni la Taq kujenga. Hapo kwenye 94 ndipo wanapokosea wenye papara. Wakiona mstari wa I hautoki, wanapandisha hadi 97 au 98 ili "DNA ifunguke vizuri". Taq inastahimili joto, ila kwa kipimo. Kwenye 95 nusu ya nguvu yake hudumu kama dakika 40, kwenye 97.5 ni kama dakika 9 tu. Piga hesabu: mizunguko 35 kwa sekunde 30 ni dakika 17 na nusu. Ukienda 97.5, mizunguko ya mwisho inafanywa na robo ya kimeng'enya. Na kimeng'enya kikipungua, anayeumia kwanza ni yule yule, kipande kirefu. Umepandisha joto kuiokoa I, kumbe umeizika.

Kupandisha mizunguko hadi 40 au 45 nako hakusaidii. D inazidi kushinda, na uchafu mdogo kwenye tyubu ya maji unaanza kuonekana.

Nimeandika 12 badala ya 4 mwishoni kwa sababu ya unyevu. Kwenye 4 mashine hutokwa jasho usiku kucha, na bidhaa ya PCR haihitaji baridi hiyo kwa saa chache.

Umeme ukikatika na UPS ikashindwa, usiendeleze pale ulipoachia, hata kama mashine yenyewe inakupa nafasi hiyo. Taq imekwisha amka, tyubu zimekaa kwenye joto la chumba, na prima zimeshika popote zilipopata. Tupa, anza upya. Inauma, lakini inauma kidogo kuliko kuelezea jeli ya ajabu mbele ya jopo.

## Hatua ya 6: Jeli

Yeyusha gramu 2 za agarosi kwenye ml 100 za TAE ya 1×. TAE ipunguzwe kwa maji yaliyokenekwa. Maji ya kisima ya kisiwani yana chumvi, na chumvi hupitisha umeme kupita kiasi: tangi linapata moto, mistari inapinda, na jeli inaweza hata kulainika karibu na vijishimo.

Pakia mikrolita 8 za bidhaa na rangi yake. Weka volti 5 kwa kila sentimita kati ya elektrodi, na subiri saa moja hivi.

Kama unatumia ethidiamu bromaidi, vaa glavu za nitraili, usishike kitasa cha mlango nazo, na taka zake ziende kwenye chombo chake, si kwenye sinki. Mwanga wa urujuanimno uangaliwe nyuma ya kinga.

Dalili ya mafanikio: II ina mstari mmoja kwenye 490. DD ina mmoja kwenye 190. ID ina yote miwili, na mara nyingi wa tatu, hafifu, juu kidogo ya 490. Huo wa tatu ni nyuzi za I na D zilizoshikana vibaya zikatembea polepole; usiogope, ni ushahidi mwingine wa ID. Tyubu ya maji iwe tupu. Mstari ukionekana hapo, kazi yote ya siku hiyo haihesabiki: badilisha maji, badilisha tipu, futa benchi kwa dawa ya klorini, rudia.

Sasa itazame ID ya kulinganishia. Mstari wake wa 490 ukiwa hafifu kuliko kawaida, usisome sampuli yoyote ya siku hiyo. Mtu anayesoma jeli asijue ipi ni ya mgonjwa na ipi si yake.

## Hatua ya 7: Kila DD ipite tena

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Chukua sampuli zote zilizosomeka DD. Zote, si zile unazozitilia shaka tu. Andaa mchanganyiko kama wa Hatua ya 4 ukiwa na jozi ya pili ya prima. Mashine iwe hivi: 95 kwa dakika 2, kisha mizunguko 30 ya nyuzi 94 kwa sekunde 30, 67 kwa sekunde 45, na 72 kwa dakika 2. Hiyo 67 isishushwe; prima hizi zina G na C nyingi, ukizilegezea zitashika pasipo pake.

Mstari wa 335 ukitokea, ile DD ilikuwa ID. Usipotokea, na ID ya kulinganishia ikatoa mstari kwenye mashine wakati uleule, basi DD imethibitika. Ukimya bila ID ya kulinganishia si jibu, kwa sababu tyubu iliyokosewa nayo huwa kimya.

## Hatua ya 8: Hesabu ya kujikagua

Tuseme kati ya walinganishwa 100 umepata DD 50, ID 34 na II 16. Aleli D ni (50 × 2 + 34) ÷ 200, yaani 0.67. Kwa kanuni ya Hardy na Weinberg, inayokadiria idadi ya kila jibu kutokana na viwango vya aleli, ungetarajia DD 44.9, ID 44.2 na II 10.9. ID kumi zimekosekana. Kai-mraba, kipimo cha takwimu cha tofauti hiyo, inatoka takriban 5.3, imepita kikomo cha 3.84. Rudi kwenye Hatua ya 7.

Ukiwa umethibitisha DD zote na bado ID ni pungufu, angalia watu wako ni akina nani. Mombasa ina Wamijikenda, Waswahili wa Mji wa Kale, wenye asili ya Yemeni na ya Bara Hindi, na waliotoka bara juzi. Makundi yenye viwango tofauti vya aleli yakitiwa kapu moja, ID hupungua kwenye hesabu bila kosa lolote la maabara. Mbaya zaidi, wagonjwa wakitoka zaidi kundi moja na walinganishwa kundi jingine, tofauti utakayoiona ni ya ukoo, si ya moyo. Linganisha watu wa asili moja, umri unaokaribiana, jinsia ileile, na andika nani anavuta sigara, nani ana kisukari, nani ana presha.

Rudia pia asilimia 10 ya sampuli zote, zikiwa zimepewa namba mpya. Majibu yasipolingana, tafuta sababu kabla ya kugusa programu ya takwimu.

## Unachoruhusiwa kusema

Mwaka 1992 Cambien na wenzake walichapisha kwamba DD iliwapata zaidi waliopata shtuko la moyo. Mwaka 2000 Keavney na wenzake, wakiwa na wagonjwa zaidi ya 4,600 na walinganishwa zaidi ya 5,900, walikuta uhusiano mdogo sana. Kwa hiyo sampuli 80 za tasnifu haziwezi kuamua ugomvi huo, na kichwa kinachosema "DD husababisha shtuko la moyo Pwani" kitakuletea maswali usiyoyaweza. Andika kwamba umepima viwango vya aleli kwa njia iliyothibitishwa kwa jozi ya prima inayoitambua Alu, taja DD ngapi zilibadilika kuwa ID, na weka picha ya jeli yenye ID ya kulinganishia.

Siku moja mgonjwa atakukuta korido akuulize, "Mwanangu, ile damu yangu ilisemaje?" Mjibu kwa adabu: "Shikamoo mzee. Kipimo kile ni cha kuangalia kundi zima la watu, hakisemi lolote juu ya moyo wako peke yako. Presha na sukari umepima mwezi huu?" Kama hajapima, msindikize mpaka kliniki.